Dada Yetu Bado, Mpima Mvua wa Shamba la Juu

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha mvinyo, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, heshima ya kusoma historia ya maisha yake. Najua historia ya namna hii huanza na tarehe ya kuzaliwa, lakini nimeomba ruhusa kwa shemeji yangu, mume wa marehemu, na kwa wanawe wawili, nianze na kosa langu, kwa sababu nikianza na kuzaliwa kwake nitafika mwaka 1987 nimeshachoka na kulia, nitaliruka, kama nilivyoliruka kwa miaka thelathini na moja.

Kosa lenyewe ni hili. Mwezi Novemba mwaka 1987 dada alinikabidhi daftari la mvua la Shamba la Juu nikae nalo badala yake, na mimi kwa siku kumi na tisa mfululizo sikupanda huko hata mara moja, nikawa naandika sifuri kila asubuhi nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ghala, na kwa sifuri zile mavuno ya bonde zima yakaoza, na aliyebeba lawama ni yeye. Mliokuwapo mnajua habari ya kuoza, habari ya sifuri hamkuijua. Nitaieleza zamu yake ikifika, nimeitanguliza tu ili mnisikilize mkijua anayesoma ni mtu wa namna gani.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bado, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la masanduku, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba yetu, aliyekuwa mpogoaji wa mizabibu, na mama yetu, aliyekuwa akishona magunia dirishani mpaka mwanga uishe. Baba alizoea kumtania kwamba siku aliyozaliwa mvua ilinyesha saa tatu kamili, wala hakukuwa na mtu wa kuipima, ndiyo maana akaja.

Kwa wageni mliotoka mbali, hasa wakwe zetu, ni vizuri niseme kidogo juu ya bonde hili, maana bila bonde hamtamwelewa marehemu. Bonde letu limekaa kama bakuli lililopasuka upande mmoja, vilima vimelizunguka pande tatu, na upande wa nne ndiko unakoingia upepo mkavu. Mvua kubwa huanza wiki ya pili ya Desemba, hunyesha miezi minne, na miezi minane iliyobaki jua linatuwakia bila kubisha hodi. Mchana ni joto la kumfanya mtu atafute kivuli hata cha nguzo, lakini jua likizama baridi hushuka kutoka vilimani, na mtu aliyesahau sweta atalikumbuka. Dada alikuwa akisema joto la mchana ndilo linaloitia zabibu sukari, na baridi ya usiku ndiyo inayoilindia ukali wake, na kwamba mvinyo usio na ukali ni kama mtu mpole kupita kiasi, unampenda lakini humkumbuki. Zabibu za Shamba la Chini, kando ya korongo, huiva siku tisa mapema, ni kubwa, laini na tamu tupu, wakati zile za Shamba la Juu, zinazopigwa na upepo, ni ndogo, nyeusi, zenye ganda gumu, na hizo ndizo dada alizozipenda, akisema zimelelewa kwa shida kama sisi.

Tena hapa kwetu hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mzabibu haujui mwaka unaanza lini, anayeuambia ni mtu mwenye mkasi. Siku unapoupogoa ndiyo siku unapoamka, na kuanzia hapo unahesabu siku mia moja na kumi na tano, au mia moja na thelathini, kutegemea hewa, ndipo ukate zabibu. Ukikosea siku ya kukata umeikutanisha zabibu na mvua, na zabibu iliyokaribia kuiva ikinywa mvua hufura, ganda hupasuka, ukungu huingia, na kazi ya miezi minne inakuwa chakula cha nzi. Kwa hiyo mtu anayesema "kateni" au "bado" katika bonde hili amebeba riziki ya watu mkononi.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya msingi mwezi Januari 1956, katika jengo lile refu lenye madirisha ya mbao nyuma ya kanisa, akamaliza darasa la nane Desemba 1963 akiwa wa pili katika hesabu, na wa kwanza, ambaye ni mzee wetu wa kanisa, yuko hapa na huwa hachoki kutukumbusha. Alikuwa aendelee na masomo, lakini tarehe 2 Februari 1964 mama yetu alifariki, nami nikiwa na miaka mitatu na miezi michache, na dada, mwenye miaka kumi na minne, akakunja sare yake ya shule akaiweka chini ya godoro, akanifunga mgongoni, akaingia shambani na baba. Mimi sikumbuki uso wa mama, namwomba Mungu anisamehe kwa hilo, ninachokumbuka ni mgongo wa dada unavyonuka majani ya mzabibu na jasho, na sauti ya mkasi. Ndiye aliyenifundisha kuandika. Namba ya kwanza aliyonifundisha ni sifuri, alipindua kikombe cha bati juu ya karatasi akanishika mkono tukaizungusha penseli ukingoni, akasema, "Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, tuanze nayo." Hayo nimeyafikiria sana wiki hii.

Aliajiriwa rasmi na shamba tarehe 1 Julai 1966 kama mkataji wa zabibu. Mwaka 1970, tarehe 5 Oktoba, alikuja mtaalamu wa hali ya hewa, akasimika Shamba la Juu sanduku jeupe lenye miguu minne, ndani yake kipimajoto, na pembeni chupa ya kupimia mvua iliyofungiwa ndani ya kizimba cha mbao chenye mlango mdogo, ng'ombe wasije wakaiangusha, kisha akauliza ni nani kati ya wafanyakazi anayeweza kusoma namba ndogo. Watu wakatazama viatu vyao. Dada akasema, "Zikiwa namba, nitazisoma," na tangu siku hiyo, kila asubuhi saa moja, alikuwa amekwisha kupanda mwendo wa saa nzima, amesoma joto, amepima mvua, amemwaga maji ya chupa, ameandika katika daftari lenye jalada la bluu, na amefunga mlango wa kizimba.

Huo mlango naomba muutunze kichwani. Komeo lake lilivunjika mwaka wa pili, halikuletwa jingine, kwa hiyo dada aliufunga kwa kipande cha waya wa mizabibu, na kwa vile alikuwa anatumia mkono wa kushoto, fundo lake lilikuwa la peke yake, alisokota mara mbili kuelekea kwake, akapinda ncha akaichomeka chini. Sisi wengine wote tunasokota kuelekea nje. Mtu yeyote aliyefungua mlango ule akaufunga tena, dada alimjua.

Jina la Bado alilipata kiwandani. Msimamizi alikuwa akija asubuhi na kipima sukari chake, anauliza, "Dada, tukate?" naye anachuma punje moja, anatafuna, anaitafuta kokwa kwa ulimi, anaivunja kwa jino la nyuma huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango wa jirani, kisha anafungua daftari, anasema, "Bado." Kokwa ikiwa changa hupondeka kimyakimya, ikiwa imeiva huvunjika kwa mlio, na yeye alikuwa akingoja mlio. Mwaka 2004 kilichovunjika kikawa ni jino, na daktari wa meno alipomwambia aache kutafuna mbegu, alimjibu kwamba ana meno mengine ishirini na saba na shamba ni moja.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Septemba 1973, katika kanisa hili hili tulilomo, na fundi mapipa wa kiwanda, ambaye ni shemeji yangu aliyekaa hapa mbele. Shemeji alimposa mara ya kwanza mwaka 1971 akajibiwa "bado", akamposa tena mwaka 1972 akajibiwa "bado", na mwenyewe husema alingojeshwa mpaka akakaribia kuwa zabibu kavu. Siku ya harusi, mchungaji alipomuuliza bibi arusi kama yuko tayari, sauti ya mtu kutoka mabenchi ya wapogoaji ilijibu kabla yake, "Bado," na kanisa zima likacheka, mchungaji naye, na dada akageuka akawaambia, "Leo kateni." Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 19 Februari 1975, ambaye sasa ni mwalimu, na wa pili wa kiume, aliyezaliwa tarehe 6 Mei 1981, ambaye sasa ni fundi umeme.

Sasa nimefika.

Jumanne tarehe 3 Novemba 1987, huyu mpwa wangu wa kiume, akiwa na miaka sita, aliamka na homa ya uti wa mgongo, hajui mtu, na dada akambeba kwenye lori la kiwanda kumpeleka hospitali ya mjini. Asubuhi hiyo alikuwa ameshapanda na kushuka, ameshapima, ameshafunga kizimba. Alisimamisha lori mbele ya mlango wangu, mtoto kifuani, akanipa daftari, akasema, "Mdogo wangu, kila asubuhi saa moja, usikose, na karatasi ya nakala mpe dereva anapokuja mjini, mimi nitaisoma huko huko." Nikamjibu, "Nenda dada, usiwe na wasiwasi." Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, nilikuwa nimeoa Jumamosi tarehe 24 Oktoba, siku kumi tu zilikuwa zimepita, nyumba ilikuwa na joto na njia ya Shamba la Juu ilikuwa na baridi, na sina neno jingine la kujitetea. Mke wangu hakujua. Niliondoka nyumbani kila asubuhi na daftari kwapani, nikaishia kwenye ngazi za ghala, nikakaa nusu saa nikichezesha kalamu, nikaandika sifuri, kwa sababu Novemba ni mwezi mkavu, na mwaka uliotangulia katika tarehe zile zote zilikuwa sifuri.

Lakini mwaka ule haukuwa mkavu. Daftari la dada lilikuwa limemfundisha jambo moja kwa miaka kumi na saba, kwamba Shamba la Juu likipata manyunyu mara tatu ndani ya siku kumi, mvua kubwa haizidi wiki mbili kufika bondeni, na hapo unakata zabibu hata kama kokwa haijalia, bora mvinyo mkali kidogo kuliko kukosa mvinyo. Manyunyu hayo huku chini hayafiki, joto la bonde huyakausha njiani, asiyepanda hawezi kuyajua. Mimi kwa macho yangu niliona wingu limekaa kwenye shamba lile asubuhi tatu, nikajiambia ni ukungu, utaondoka.

Tarehe 14 Novemba meneja alimtuma dereva kwa dada na swali la bonde zima, tukate au tungoje. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi la chuma pembeni ya kitanda cha mtoto, hajabadili nguo siku nne, akachukua karatasi, akaona sifuri kumi na moja, dereva anasema aliziangalia muda mrefu, kisha akauliza, "Amepima yeye mwenyewe?" Dereva akasema ndiyo, ni mwandiko wake. Dada akasema, "Basi bado. Tuzipe siku kumi, sukari itimie."

Mvua ilianza Jumapili tarehe 22 Novemba, saa tano asubuhi, tukiwa humu ndani, mahubiri yakiwa katikati. Mnaokumbuka mnakumbuka. Ilianza kama mtu anayetupa mchele juu ya bati, na wenye mizabibu wakasimama mmoja mmoja, hakuna aliyekimbia, walisimama tu wakatazama juu. Ilinyesha siku tano, na mimi tangu Jumapili hiyo sikuandika tena kitu. Familia arobaini zilizokuwa zikileta zabibu kiwandani zilileta mikokoteni ya matope yenye harufu ya siki. Mzee mmoja, Mungu amrehemu, alikaa kwenye mstari wake akichuma punje zilizopasuka moja moja kutoka kwenye vichala, kana kwamba angeweza kubaki na za kutosha.

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, wakarudi Jumamosi tarehe 28, na kesho yake asubuhi dada akapanda Shamba la Juu. Aliporudi hakuniita. Alikwenda kwa meneja na daftari, akiwa amepiga mstari mwembamba juu ya zile sifuri kumi na tisa ili zisije zikahesabiwa kamwe, na pembeni ameandika maneno haya, ambayo nimeyasoma kwa macho yangu wiki iliyopita nikitafuta tarehe za historia hii, "Hazikupimwa. Kosa ni la mpimaji." Meneja akamuuliza mpimaji ni nani. Akasema, "Mpimaji si mimi?" Meneja wa wakati ule yuko hapa leo, mzee wangu, naomba unisamehe, siku ile ulimhukumu mtu aliyejileta mwenyewe, na mwenye kosa alikuwa nje ya dirisha lako anapakia masanduku.

Dada aliondolewa kazi ya kupanga siku za mavuno, akapelekwa kuosha chupa, akaziosha kwa miaka mitatu na zaidi, mikono ikimchubuka kwa magadi. Watu wakageuza jina lake likawa fimbo. Walimpita barabarani wakisema, "Shikamoo mama Bado, mwaka huu tunaoza lini?" na wengine wakasema mvumilivu hula mbivu, ila sisi tulivumilia tukala mbovu. Yeye aliitikia, "Marahaba," akaendelea na safari. Na siku moja, pale kwenye mlango wa duka la mafuta ya taa, mtu aliusema mzaha huo nami nikiwapo, nikacheka pamoja nao, kusudi nisitofautiane na watu. Hilo sikulisema hata kwake, nalisema leo mara ya kwanza.

Tarehe 4 Februari 1991 meneja alishuka mwenyewe mpaka kwenye karo za kuoshea chupa. Misimu mitatu walikuwa wamekata kwa kufuata kalenda ya ukutani, mvinyo mmoja ukatoka mchachu na mwingine ukatoka kama maji ya sukari. Akasimama pale, maji yanamrukia viatu, akauliza, "Mama, lile daftari liko wapi?" Dada akafuta mikono, akasema, "Liko nyumbani." "Uliishia wapi kupima?" Dada akasema, "Nimepima leo asubuhi. Mimi niliachishwa, mvua haikuachishwa." Kumbe miaka yote ile alikuwa akipanda kila siku kabla ya zamu yake, bila kutumwa na mtu. Akarudishwa kazini kwake, akaifanya mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2009, na katika misimu yote hiyo zabibu za bonde hazikukutana tena na mvua. Baada ya kustaafu aliendelea kupanda, akisema daktari amemwambia afanye mazoezi, ingawa huyo daktari hatukuwahi kumwona.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Oktoba 2018, miguu ikawa inavimba na pumzi inamkatika njiani, na madaktari walimweleza kwamba moyo umetanuka. Shemeji akasema yeye amelijua hilo tangu mwaka 1973, na dada akacheka akakohoa. Tarehe 4 Machi 2019 aligeuka katikati ya njia ya Shamba la Juu, mara ya kwanza katika miaka arobaini na minane, akaja mpaka mlangoni kwangu, akanipa daftari lile, au tuseme mjukuu wa daftari lile, maana ni la kumi na tatu, akasema, "Saa moja." Nikaenda. Nimekwenda kila siku, hata leo asubuhi nimekwenda.

Alilazwa tarehe 2 Mei, wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Jumapili tarehe 19 Mei nilikuwa peke yangu naye, alasiri, nimemmenyea chungwa, nikasema, "Dada, zile sifuri za mwaka themanini na saba." Akasema, "Zina nini?" Nikasema, "Sikwenda. Hata siku moja." Akala kipande cha chungwa, akatoa mbegu akaiweka kiganjani kwangu, akasema, "Najua. Fundo lilikuwa langu." Akanieleza kwamba alipofika Shamba la Juu baada ya mvua ile, waya ulikuwa kama alivyouacha tarehe tatu, umesokotwa kuelekea kwake, ncha imechomekwa chini, na majani chini ya kizimba yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu, marefu kuliko yanayooteshwa na mvua ya siku tano. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ulikuwa umeoa juzi, wangekufukuza, mkeo angekutazamaje? Halafu nikajiambia, atakuja mwenyewe." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, dada akamwambia, "Huyu mdogo wangu nimemngoja miaka thelathini na moja, hebu niambie, zabibu gani hiyo?"

Nililia, nikaomba msamaha. Akanifuta uso kwa ncha ya shuka, kama zamani, akasema, "Mimi nilikusamehe siku ile ile, nikiwa nashuka. Lakini mimi sikuwa na mzabibu hata mmoja. Wenye mizabibu hujawaomba."

Kwa hiyo, wenye mizabibu, na watoto wa waliokuwa na mizabibu, nawaomba. Dada yangu hakukosea. Aliambiwa uongo na mtu ambaye yeye ndiye aliyemlea, na aliuamini kwa sababu ni mimi, niliyelelewa naye, niliyemwambia. Kama kuna nyumba hapa bado inasimulia kwamba Bado alituozesha, nawasihi muanzie leo kusema ni mdogo wake.

Dada yetu alifariki dunia Jumatano tarehe 12 Juni 2019, saa mbili asubuhi, muda ambao kwa kawaida alikuwa anashuka kutoka Shamba la Juu, mume wake akiwa amemshika mkono wa kushoto na binti yake mkono wa kulia. Aliniuliza jana yake, kwa sauti ndogo, joto lilikuwa ngapi, nikamwambia digrii tisa, akasema, "Nzuri hiyo. Zitabaki na ukali." Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na madaftari kumi na matatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa muuguzi yule aliyemruhusu kuweka kipimajoto chake dirishani kinyume cha taratibu, tunawashukuru majirani waliotuchotea maji na kulala nasi wiki hii, tunamshukuru dereva wa lori, aliyempeleka mjini mwaka ule na ndiye aliyemrudisha nyumbani juzi, tunawashukuru wafanyakazi wa kiwanda, waosha chupa wametuma mashada mawili na wapogoaji moja, na mchungaji kwa kumtembelea kila Alhamisi. Ambaye sikumtaja asidhani amesahaulika, mwandishi wa karatasi hii ana kasoro nyingi, kama mlivyosikia.

Dada, uliyenibeba kabla sijajua uzito wangu, shuka sasa, pumzisha miguu, Mungu wetu mwema akupe amani ambayo haikatizwi na mvua. Asubuhi kuna mtu atapanda.

Mwisho, ndugu zangu, nina ombi moja. Meneja wa sasa amekubali niendelee kupima, lakini mimi mwenyewe najijua. Nimejifunza kufunga ule waya kwa mkono wangu, unasokota kuelekea nje, na kila nikimaliza naacha ncha ikitazama juu siku za kawaida, na chini, kama ya dada, siku za Jumapili. Mnaopita njia ya Shamba la Juu kwenda kwenye mistari yenu, mkipita baada ya saa moja, tazameni kizimba, na mkiona majani yaliyo chini yake hayajakanyagwa, tafadhali msinyamaze, njooni mnigongee mlango.